Mlango Ulioitika Hodi

“Zile nukta ni za heshima tu. Hakuna anayezisoma. Vipofu wa siku hizi wanasomewa na simu.”

Maneno hayo si yangu. Ni ya Mkurugenzi wa maktaba hii, aliyeketi pale mbele, na aliyasema juzi ofisini kwake akimjibu dada yangu aliyelalamikia vibao vya breli vya milangoni. Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu wajumbe wa bodi, walimu, wazazi, nanyi mafundi mliosimama nyuma kwa kukosa viti: nimeombwa niwakaribishe katika jengo hili jipya. Neno lenyewe, karibu, ni fupi, na bado sijalitamka. Nitawaeleza kwa nini.

Dada yangu haoni tangu utotoni. Amefundisha breli mpaka nusu ya wasomaji wasioona wa mji huu wanamwita Mwalimu, na nusu iliyobaki wanamwogopa. Juzi aliniomba nimlete aikague ghorofa ya juu kabla wanafunzi wake hawajaja kesho. Rangi ilikuwa bado inanuka. Madirisha yamefungwa, fundi hayupo, hakuna sauti ila ya fimbo yake na viatu vyangu.

Kwenye mlango wa kwanza akapitisha kidole juu ya kibao cha nukta. Karibu, akasoma, akacheka, akasema jengo hili lina adabu kunishinda mimi. Mlango wa pili, karibu. Wa tatu, karibu. Mimi niliyaona maandishi ya rangi juu ya kila mlango, yote sahihi: Ofisi, Hifadhi, Choo. Nikadhani ananitania. Lakini kadiri tulivyosonga sauti yake ilizidi kushuka, kama ya mtu anayeitwa na asiyemjua.

“Mdogo wangu,” akasema, “nani anatuita hivi?”

Mlango wa mwisho haukuwa na maandishi ya rangi. Kibao kilikuwapo. Akakigusa, akatuliza kidole. Mtandio wake ukapepea, na madirisha, nimeshawaambia, yalikuwa yamefungwa. Akausukuma mlango, ukafunguka bila kelele. Na dada yangu, ambaye haingii hata jikoni kwangu kimyakimya, akasimama kizingitini.

“Hodi,” akasema.

Ndugu zangu, mnajua nyumba hujibu nini. Iliyo tupu hukaa kimya. Ile ilijibu hodi. Ilitoka chini, taratibu, kwa sauti nzito kuliko yake, kana kwamba upande wa pili yupo mtu naye anaomba kuingia kwetu.

Dada akashusha fimbo mbele ya viatu vyake. Ikaenda, ikaenda, isiguse kitu. Ndipo akanishika mkono.

“Hapa hakuna sakafu.”

Ni shimo la lifti. Lifti haijaletwa, wakaziba kwa mlango wa mbao usio na kufuli, wakaubandikia kibao kama milango mingine. Mkandarasi alinieleza, bila kuona haya, kwamba kalibu ya kutengenezea vibao ilikuwa moja, ile ya mlango mkuu, na kwake nukta zote zinafanana. Kalibu moja, karibu kila mahali, hata penye shimo!

Sasa turudi kwa Mkurugenzi. Simu ya dada ilikuwa mkobani, imejaa chaji, inasoma vitabu na magazeti vizuri kabisa. Haikusema neno. Kibao ndicho kilichosema, na kilisema uongo. Asiyejua breli asingedanganyika. Aliyetegwa ni msomaji. Je, ungethubutu kuandika karibu kwa wino juu ya shimo, mbele ya watu wanaoona, kisha useme ni heshima?

Kilichomwokoa si usanifu wenu. Ni malezi ya mama yetu. Na watoto je? Nani kati yenu amewahi kumwona mtoto akipiga hodi kwenye mlango uliokwisha kumwambia karibu? Kesho watapanda ngazi zile vidole mbele, wakiamini kila wanachokigusa, kwa sababu dada yangu ndiye aliyewafundisha kuamini. Tangu juzi halali vizuri. Anasema ile sauti haikuwa yake. Mimi pia niliisikia.

Asanteni, ndugu, kwa masikio yenu. Sasa nina neno na wahusika wa jengo hili.

Mheshimiwa mgeni rasmi, weka mkasi chini. Mkandarasi, chukua bisibisi, panda sasa hivi, ung'oe vibao vyote, na mlango ule uupigilie mbao. Lakini subiri kidogo, apite kwanza Mkurugenzi. Bwana Mkurugenzi, simama. Utepe huu haujakatwa, unatosha kukufunga macho. Papasa ukuta, soma zile nukta za heshima moja moja, na ukifika mwisho piga hodi, usikilize unavyoitikiwa. Dada yangu atakushika mkono. Yeye anajua pa kusimama.