Mama Trekta na Ardhi Iliyorudi Kuwa Hai

Ndugu wafiwa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutufariji, mimi ni kitinda mimba wa wazazi wetu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Trekta.

Dada alizaliwa tarehe 9 Aprili 1953, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la pamba, akasoma shule ya msingi ya hapo hapo shambani kuanzia 1961 hadi 1967, akajifunza udereva, na mwaka 1974 akawa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa trekta shambani hapo. Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu, fundi wa karakana, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Shamba lilipofungwa mwaka 1991, kila mfanyakazi aligawiwa kipande cha ardhi, ardhi iliyochoka, ngumu, mvua ikinyesha maji yanateleza tu na kwenda zake, na wengi walifungasha wakaondoka. Dada alibaki, akaacha kulima kwa trekta, akaacha kuchoma mabua na badala yake akayatandaza juu ya udongo, akachimba mashimo akayajaza samadi, akapanda kunde katikati ya mahindi, majirani wakacheka kwamba dereva wa trekta asiyelima ni sawa na samaki anayeogopa maji.

Msimu wa kwanza aliambulia magunzi matupu, shemeji akakata tamaa, akapakia kitanda kwenye lori aende kutafuta kazi mjini, naye dada akamwambia maneno ambayo shemeji mwenyewe ameniomba niyasome: "Nenda, baba watoto, ila kitanda niachie, maana anayelala akiwa hoi ni mimi."

Kitanda kilishushwa, shemeji akaenda, na aliporudi mwaka 1994 alizamisha mkono shambani, akatoka na udongo mweusi, wenye unyevu, umejaa nyungunyungu, akakaa chini pale pale akacheka mpaka machozi. Ukame ulipokuja mwaka 1997, shamba la dada peke yake lilibaki kijani, wale waliomcheka wakaja kuuliza, naye aliwapokea bila kuwakumbusha lolote, akazunguka nao shamba kwa shamba, mpaka bonde zima mlilopita mkija hapa likarudisha rutuba, hata lile korongo lililokuwa likimeza mbuzi leo limejaa migomba.

Machi 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akalazwa, na hata wodini aliwakataza wauguzi kutupa maganda ya ndizi, akawafundisha kuyageuza mbolea, ndiyo maana hospitali ile sasa ina bustani ya mboga. Alifariki tarehe 3 Novemba 2023, akiwa na umri wa miaka sabini, ameacha mume, watoto watatu na wajukuu tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kutukeshea, na madereva wenzake wa zamani waliobeba jeneza. Mvua zimeanza, na wanawe wanaomba kesho kila mtu arudi shambani kwake, maana mama yao asingekubali msimu upite kwa sababu ya msiba wake.

Umeshinda, dada. Pumzika sasa, kwa amani.