Mashine ya Mama Ivy Haizimwi

Kwa niaba ya familia, mimi Ivy Wanja nawasomea maisha ya mama yangu, Phyllis Gathoni, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1976 hapa Othaya, binti wa marehemu Mzee Ngatia, akasoma hapa kijijini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1994, kisha akafungua duka la kutengeneza redio, na baadaye simu, mjini Karatina, ambako Baba, Bwana Koome wa Chuka, alimletea redio ile ile, isiyo na ubovu wowote, mara tatu. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 2003, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Mwiti.

Mwaka 2019, wafanyabiashara walipoanza kulipana kwa sarafu ya mtandaoni iitwayo Kirima, Mama aliweka nodi, mashine ndogo isiyochimba, yaani isiyotengeneza sarafu yoyote, kazi yake ni kukagua kila ukurasa wa malipo unaoandikwa na wachimbaji na kuukataa ukivunja kanuni, na simu zenu, kutoka hapa hadi Nanyuki, hutegemea ukaguzi huo. Mwaka 2023 Bwana Kihara, yule pale mbele mwenye miwani, aliye na mitambo ya kuchimba sarafu hiyo kule Kenol, alileta kanuni mpya za kupanua kurasa hadi mashine ndogo zishindwe kuzikagua, abaki akijikagua mwenyewe, Mama akamwambia, "Kwangu hiyo haipiti," nanyi mkamuunga mkono, Kihara akashindwa. Akaeneza sokoni kwamba Mama ni mwizi, na baadhi yenu mnaolia hapa mliamini, mkawa mnavuka barabara mkimwona, hata alipougua saratani ya koo Januari 2025, hadi alipofariki hospitalini Nyeri tarehe 2 Septemba. Mimi sijawasamehe.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, wenzake wa sokoni na majirani waliobaki naye, na kwa namna ya pekee Bwana Kihara, aliyekuja juzi kutuomba tuzime mashine ya marehemu, ati kwa heshima ya msiba, akijua kanuni zake zile zile amezirudisha na zinaanza leo saa sita mchana, na stima ilipopotea jana, akatuletea jenereta yake ili muone ukarimu wake. Bwana Kihara, jenereta hiyo inaendesha spika hizi, na pia mashine ya Mama, iliyo chini ya meza hii tangu asubuhi. Saa sita imeshapita, kurasa zako zimekataliwa, na sarafu unazochimba hakuna duka hapa litakalozipokea. Usiondoke, petroli yako bado ipo, nataka ukae mpaka tumalize kumzika.

Mama, pumzika. Haikupita.