Tenisi ya Mama Savita

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kuketi nasi leo, mimi ni Ila, mdogo wake marehemu, nimepewa jukumu la kuwasomea maisha yake, na Kaka mwenyewe aliagiza yasomwe yote, hata yale ya kutuinamisha vichwa.

Marehemu Dokta Bhanuprasad Trivedi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, wilaya ya Kheda, Gujarat, mtoto wa kwanza wa Mwalimu Harishankar na Mama Savita, akasoma kijijini, akahitimu udaktari mjini Vadodara mwaka 1975, akabobea katika magonjwa ya ubongo, na tarehe 3 Februari 1979 akafunga ndoa na Nirupama, wakajaliwa mabinti wawili, Parul na Ketki.

Kazi yake, katika hospitali moja ya Ahmedabad, ilikuwa kutafuta fahamu inatokana na nini ubongoni, akitueleza mezani hadi chakula kinapoa kwamba kufungua macho ni kazi ya shina la ubongo, lakini kujua kwamba umeyafungua ni mazungumzo kati ya kiini cha katikati na gamba la juu, yakikatika hayo, taa inawaka na mwenye nyumba hayumo. Wagonjwa waliolala macho wazi aliwavika kofia ya nyaya, akawaambia, "Fikiria unacheza tenisi," na mwenye fahamu mawimbi ya ubongo wake yalibadilika, ndivyo walivyofanya mabingwa wa ng'ambo, naye akaitafsiri amri yao kwa Kigujarati bila kupunguza neno.

Mwaka 2011, wiki ya Diwali, Mama alipata kiharusi, akabaki macho wazi, hasemi, Kaka akamvika kofia, akamwamuru acheze tenisi, mawimbi yakalala, akatutangazia kwamba Mama hayupo tena. Nani angembishia daktari wa ubongo? Tukazima redio yake ya nyimbo za ibada, tukawa tunaingia na kutoka bila kumsalimu, na kando ya kitanda chake tukasema, mimi nikiwa wa kwanza, "Mungu amchukue tu, tumechoka." Tukaenda hivyo mpaka Holi, sikukuu ya rangi, mwezi Machi.

Siku ya Holi alikuja Masi Kokila, mdogo wake Mama, akamkuta Kaka akimpima tena, akashika kiuno.

"We Bhanu, una wazimu? Dada yangu tenisi kaijulia wapi? Hata mpira wa watoto alikuwa akiukimbia! Mwambie asukasuke maziwa kwa mti na kamba, atoe siagi, si ndiyo kazi yake kila asubuhi tangu aolewe?"

Tulicheka, Kaka hakucheka, akainama sikioni, "Mama, shika kamba, sukasuka maziwa," na mawimbi yakainuka.

Akamwambia basi, ukitaka kusema ndiyo, sukasuka maziwa, ukitaka kusema hapana, tembea uende hekaluni. Akamwuliza kama alikuwa akitusikia siku zote zile, Mama akasukasuka maziwa. Kaka akapiga magoti, akamwuliza kama amemsamehe, na Mama akaenda hekaluni.

Tangu hapo hakumpima mgonjwa yeyote kabla ya kuwauliza ndugu wa mgonjwa huyo mikono yake ilizoea kazi gani, na kila jioni alikaa na Mama akimsimulia habari za kijiji, hadi Mama alipofariki Juni 2014, wala swali lile hakulirudia.

Kaka aliugua moyo Novemba 2022, akafariki tarehe 9 Machi 2023, mikononi mwa mkewe, akili zake timamu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wanafunzi na wafanyakazi wenzake, na majirani mliotuletea chakula siku hizi ambazo jiko letu halikuwashwa.

Kaka Bhanu, siku ile ya Holi sisi wadogo zako tulisimama mlangoni. Wewe ulikosea kipimo tu, maneno yale tuliyasema sisi, lakini aliyepiga magoti ulikuwa wewe peke yako, nasi tukajifanya jibu la Mama halituhusu. Lilikuwa letu sote. Tunaona haya, Kaka. Pumzika sasa, aibu hii tuachie tuibebe wenyewe.