Namba Isiyotolewa

Mniwie radhi mapema, maana kisa hiki nitakiharibu. Mimi ni mchekeshaji wa jukwaani, nimezoea visa vyenye kicheko mwishoni. Hiki tulikisikia watatu kwenye benchi la Fundi Viatu, ng'ambo ya ofisi ya simu, hadi kahawa ikatupoea mikononi.

Aliyetuletea ni Dada Namba, ndivyo tunavyomwita. Zamu ya mchana anakaa peke yake humo ofisi ya simu, visikizio masikioni. Watu wanapiga kuulizia simu ya nyumbani kwa fulani, anaitafuta, anawasomea. Siku hiyo alitoka kazini, akavua viatu, akajitupa kwenye benchi kama gunia lililoshushwa.

Kuna mama mtu mzima, akatusimulia, alipiga juma lililopita akitaka namba ya mwanawe, hajamsikia miaka sita. Namba ipo, ila mwenyewe ameomba asipewe mtu yeyote. Kwa kanuni zao, namba ya hivyo unajibu haimo kwenye orodha, basi, unapokea simu nyingine. Lakini Dada Namba alikuwa amechoka, ulimi ukamponyoka.

— Nikamwambia, mama, mwenyewe hataki itolewe. Akasema, "Kumbe yu hai. Ahsante, mwanangu."

Tangu hapo mama hupiga kila siku saa tisa. Haombi namba tena. Anauliza tu kama bado imezuiwa. Akiambiwa bado, anashukuru, anakata. Sasa msimamizi amesikiliza kanda za simu zilizorekodiwa. Dada Namba asipojibu "haimo" kesho, arudishe visikizio na kazi yao. Na akijibu "haimo", mama ataelewa kwamba mwana amekufa.

Mahakama, karani mstaafu asiyeishiwa hukumu, akasema huyo mwana anatafutwa na polisi. Fundi akakataa: ameoa, kamwambia mkewe yeye ni yatima. Mahakama akapandisha dau: jamaa amejizika, jeneza likajazwa mawe.

— Sasa Mahakama, akauliza Fundi, maiti gani anajiandikishia simu kwa jina lake?

— Maiti mzembe.

Mimi nikawazidi wote. Nikasimama, nikamwigiza huyo mwana anavyonyata kuipita simu inayolia, viatu mkononi, pumzi kaibana. Fundi alicheka hadi msumari ukamtoka mdomoni. Dada Namba hakucheka.

— Jamani, kesho saa tisa nimwambieje?

Mahakama akachungulia ndani ya kikombe. Fundi akarudia soli yake. Mimi nikakaa.

— Basi nitamwambia bado, akasema, akitafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu. Keshokutwa sitakuwapo wa kumwambia.

Mtu wa jukwaa hawezi kuacha kisa kiishie hapo. Nikamwambia, dada yangu, kabla hawajakunyang'anya hivyo visikizio, nitafutie na mimi namba ya mama yangu nimpigie, angalau mama mmoja apate simu wiki hii. Akanitazama kuona kama ni mzaha, kisha akatoa kalamu. Nikamtajia jina la mama, lote, kwa sauti ya kusikika hadi viti vya nyuma. Akaandika.

— Anakaa mtaa gani?

Mtaa sikuujua. Mama alihama mwaka juzi. Aliniita nikamsaidie kubeba kabati, nikamwambia siku hiyo nina onyesho.

Sikuwa na onyesho.