Tukaone Anaacha Chupa Yake

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mkaguzi wetu mkuu wa fedha za kuokoa kampuni zilizoyumba anarudisha funguo za ofisi. Jina lake la kitambulisho tulishalisahau. Sisi tunamwita Tukaone.

Jina amejitakia mwenyewe. Kampuni ikishapewa pesa za umma isifilisike, huleta ripoti nene yenye picha za kupendeza. Yeye haifungui. Huchukua kofia na chupa yake ya chai, akasema tukaone. Mkewe anasema hata akiambiwa sukari imekwisha, lazima aende jikoni kufunua kopo. Jamani!

Chupa hiyo nayo ina mambo. Kwa aliyemkagua hajawahi kunywa hata maji. Dereva wake, aliyepigwa marufuku hiyohiyo, amekonda kwa kutazama vitafunio vya mameneja.

Lakini kiwanda cha nguo hatutakisahau. Ripoti ilisema mashine mpya zimefungwa. Tukaone akaenda, akaipapasa moja, kiganja kikatoka kijani. Rangi mbichi! Zilikuwa zilezile kuukuu, zimepakwa rangi asubuhi ile. Papo hapo akazuia awamu ya pili ya fedha.

Hapo akajipalia makaa. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa fundi mitambo palepale, na bila fedha hizo yeye na wenzake wangekosa kazi. Shemeji akanuna, akakata mguu nyumbani kwao. Mke naye akawa anapakua chakula kimyakimya. Tulimshauri Tukaone alegeze kamba kidogo. Akatujibu kwamba akilegeza, mashine zile zitakufa na shemeji atakosa kazi vilevile. Alijikaza, ila tuliona jinsi alivyoumia.

Miezi ikapita, wenye kiwanda wakasalimu amri, mashine za kweli zikafungwa. Jioni moja shemeji akabisha hodi, mkononi ana shuka iliyofumwa siku hiyo. Hakuomba radhi. Alimwambia tu aguse. Mkewe anasema Tukaone aligusa, akalia kama mtoto. Mwenyewe anakana, na sisi hatukwenda kuona.

Asante, mzee wetu, kwa kutuchosha miguu. Tunakutakia mapumziko mema na afya tele. Chupa iache hapa, tutaitunza. Kuanzia Jumatatu humkagui mtu, na shemeji yako amekuwekea kiti kantini ya kiwanda. Chai ni juu yake. Anasema mashine zote zinanguruma.

Usimwamini. Nenda ukaone.