Mifuniko ya Mwalimu Elinipendo

Ndugu waombolezaji, majirani wa kulia na majirani wa kushoto, maana siku hizi hata msibani mmekaa hivyo, familia inawaomba utulivu ili isomwe safari ya Mwalimu Elinipendo Mshana.

Mwalimu alizaliwa tarehe 14 Februari 1958 katika kijiji cha Vudee, wilaya ya Same, akiwa mtoto wa nne kati ya saba, akasoma shule ya msingi hapohapo hadi mwaka 1972, akahitimu ualimu mwaka 1978, na Januari 1979 akapangiwa Rufiji, shangazi zake wakamlilia stendi kana kwamba anapelekwa kuliwa na simba. Simba hawakumla, alianza Utete, mwaka 1984 akahamia Mahege, mwaka 2003 akaja Kibiti, akastaafu tarehe 14 Februari 2018 bila gari na bila cheo cha kutisha mtu, ila ukienda naye sokoni, hatua hamsini zilimalizika kwa saa nzima kutokana na shikamoo.

Tarehe 6 Septemba 1980 alifunga ndoa na bwana shamba Theodory, wakajaliwa watoto watatu, Petronila, Richard na kitinda mimba Joachim, mwenye shahada ya takwimu na bahasha iliyojaa barua za "tutakujulisha", ambaye ndiye aliyeandika haya. Mzee Theodory alifariki tarehe 3 Mei 2009, na siku ile Waislamu wa kitongoji hiki ndio waliomchimbia kaburi mzee huyo, Mlutheri kama Mwalimu, wakapika kwa masufuria ya msiba ya umoja wetu wa kufaana, Mwalimu akasema hatasahau, na kweli hakusahau, mwaka uliofuata akaomba awe mtunza vyombo, masufuria manane makubwa na mifuniko yake yakawa yanalala stoo kwake, safi kuliko vyombo vyake mwenyewe.

Kisha Agosti mwaka huu ikaingia kampeni ya udiwani. Bi Zaitun akawa upande huu, Bwana Sadallah akawa upande ule, watu wawili ambao Mwalimu aliwakalisha dawati moja darasa la tatu pale Mahege, na kila mmoja akaja kudai vyombo, eti wa upande wa pili wasije wakapikia pilau la mkutano. "Mwalimu, kwani wewe wa rangi gani?" akaulizwa, akajibu, "Mimi wa rangi ya chaki, mwanangu, kaa chini unywe chai." Kila alfajiri aliwaombea wote wawili kwa majina, wagombea wao pia, hadi Joachim akamwambia, "Mama, seriously, hawa hata hawakufikirii," naye akasema uchaguzi ni siku moja, kuzikana ni kila siku.

Hapo ndipo alipokosea, na familia inasema wazi kwa sababu mwenyewe alikiri. Tarehe 5 Septemba aliwagawia, Bi Zaitun masufuria, Bwana Sadallah mifuniko, kwa logic yake kwamba hakuna wali unaoiva bila kupaliwa makaa juu ya mfuniko, kwa hiyo watatafutana tu. Hawakutafutana. Upande mmoja ukafunika wali kwa mabati ya choo kilichobomoka, upande wa pili ukageuza mifuniko sinia za kulia chakula, na kila upande ukajisifu kwamba umeweza.

Wiki tano Mwalimu alitembea kati ya nyumba hizo mbili, na presha yake ya tangu 2013, wakimwamkia kwa heshima zote na kumrudisha mikono mitupu. "Mwalimu, wewe tunakupenda, ila mfuniko huu haufuniki wali wa watu wale," alisema Bwana Sadallah. "Waanze wao kuleta, sie masufuria tunayo," alisema Bi Zaitun. Joachim naye, badala ya kumsaidia mama yake, aliwatukana wote kwenye kundi la WhatsApp, akatolewa, akaambiwa na mama aende akaombe radhi, hakwenda.

Jumamosi tarehe 11 Oktoba, akitoka kwa Bi Zaitun, Mwalimu alianguka njiani kwa kiharusi. Alilazwa siku tano, mdomo umepinda, neno moja tu likitoka vizuri, "mifuniko", akiuliza kila alipofumbua macho, hadi asubuhi ya Alhamisi tarehe 16 Joachim akamjibu, "Imerudi, mama, yote minane." Akatabasamu kwa upande uliobaki. Saa nne na dakika arobaini akafariki, akiwa amedanganywa na mwanawe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopambana, walimu wenzake, usharika, majirani waliochimba kaburi tangu jana, na akina mama walioko jikoni nyuma ya nyumba, ambako muda huu wali wa msiba wa mtunza vyombo unapaliwa kwa bati. Familia haina uwezo wa kumwamuru mtu, uchaguzi bado siku kumi na moja, na jeneza linatoka saa tisa.

Mama, pumzika kwa amani. Ulichoambiwa Alhamisi hakikuwa kweli, na wanaoweza kukifanya kuwa kweli kabla ya saa tisa wamekaa hapa, kulia na kushoto, wanasikia.