Mkono wa Nyongeza

Sikilizeni. Kalpana mwanangu, sogeza kiti karibu na kitanda, na wewe bwana Hamad, acha kuhangaika na hilo dirisha, halitafunguka. Mwenye nyumba alilipaka rangi likiwa limefungwa, mwaka ule tuliohamia, likagandamana na fremu yake, na tangu siku hiyo hewa ya Kingsbury, London hii, naitazama kwenye kioo tu. Kaa. Maneno ni mengi na pumzi ya kuyasemea ni ndogo, kwa hiyo msinikatize, hata nikirudia, hata nikiwaudhi. Nasema Kiswahili kwa sababu Kigujarati, bwana Hamad, hukijui, na Kiingereza nimekisema vya kutosha kwa madaktari na wenye nyumba, leo sikitaki kinywani mwangu.

Mali yangu mnaiona yote bila kugeuza shingo. Bangili za marehemu mama yako, Kalpana, ni zako, na usizifiche kabatini ukasema unazitunza, zivae uende nazo sokoni. Meza ya kazi pale ukutani, mashine ya kubania risasi, na mizani ya shaba niliyotoka nayo Wete, nikaipitisha Mombasa, nikaipakata kwenye ndege huku wenzangu wamepakata watoto, hivyo ni vya Hamad. Bastola zangu mbili zimo kwenye sefu ya klabu. Nikishakufa, zipelekwe polisi pamoja na kibali changu, siku hiyo hiyo, maana sisi watu wa kuja jambo dogo likitutokea linakuwa kubwa.

Mnajua nilivyoingia kwenye kazi hii, lakini vumilieni niseme. Kule Wete duka letu liliuza sukari, mchele, mafuta ya taa, na kwa ruhusa ya serikali risasi za kuwafukuzia kima mashambani, kwa hiyo baruti naijua tangu ujana. Tulipofika huku na pasi zetu za Kiingereza, hakuna aliyetaka muuza duka. Walionitaka ni wazungu wachache wa klabu ya shabaha, hapo nyuma ya barabara kuu, wanaopiga karatasi kwa bastola chini ya ghala kuukuu. Walitaka mtu wa kuwajazia upya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa: ganda unalisafisha, unalitia baruti uliyoipima, unalibania kichwa kipya, basi, risasi imezaliwa tena. Nikashukuru. Lakini ghala lile halina dirisha hata moja. Kila Alhamisi nilishuka ngazi zile, mlango wa chuma ukafungwa nyuma yangu, na moshi wa baruti ukajaa mpaka taa ikawa ya njano. Nikimaliza huko napanda kuja kwenye chumba hiki. Ndiyo London yangu yote, mniwie radhi: shimo lile na chumba hiki. Mimi niliyezaliwa kisiwani, nimekosa upepo wa kuvuta.

Basi watu wa klabu nao wakachoka kukohoa, wakaniomba nichague baruti inayoungua safi. Nikazijaribu moja baada ya moja, kila baada ya kupiga nikipitisha kitambaa cheupe ndani ya mtutu nione masizi. Zikabaki mbili. Ya kwanza ni chenga nyepesi zilizovimba, inajaza ganda karibu lote, na inaacha masizi kidogo na moshi kidogo. Ya pili haiachi kitu, kitambaa kinatoka kama kilivyoingia, lakini kipimo chake ni kidogo mno, kinalala chini kabisa ya ganda, na ukichungulia huwezi kujua kama kimezidi. Mimi nikachagua ile ya kwanza. Ile, mkono ukikosea, baruti inafurika na jicho linaona. Hamad, aliyekuwa akijaza pamoja nami, akachagua ya pili. Akaniambia, “Baba, hii haitakukohoza.” Nikamuachia ajaze nayo, kwa sababu nilijua anakipigania kifua changu, na mtu akikipigania kifua chako utamwambia nini?

Nije kwenye lile ambalo nyumba hii inalizunguka kila siku. Bwana Hamad, ulisimama nyuma ya kaunta yangu Wete tangu ndevu hazijaota. Ukatufuata huku, ukamuoa binti yangu, wewe Muislamu wa Kipemba na yeye Mhindu, na wazee wa jumuiya wakaacha kunipa mkono. Sikukufukuza. Tumekula meza moja. Ila nimekuita bwana Hamad tangu siku ya ndoa mpaka leo, nawe umeitika, na sote tunajua neno gani halijatoka. Sisi Wahindu mzee akifa, mwanawe wa kiume ndiye anayewasha moto wa kumchoma. Mimi sina wa kiume. Wazee waliponiuliza nani atawasha, nikawajibu Pradip, mtoto wa kaka yangu, atakuja kutoka Leicester. Ulikuwa mlangoni na trei ya chai, ukasikia, ukaweka trei mezani taratibu ukatoka. Hilo nalo nitalifikia, msinisukume.

Nipe maji, Kalpana. Kidogo. Inatosha.

Jumapili nilikuwa nimelala hapa hapa na wewe bwana Hamad uko mezani unajaza risasi kwa baruti yako safi. Rafiki yako Jotham, yule nesi wa Kakamega uliyemwingiza klabuni, alikuwa amekaa pale anasimulia vituko vya wodini kwake, mnacheka mpaka machozi. Mizani ikatulia. Na mkono wako, bwana Hamad, bila wewe mwenyewe kujua, ukarudi kwenye kopo, ukachota ncha ya vidole, ukadondoshea juu ya kipimo. Nikadhani macho yangu. Ikatulia tena, mkono ukarudi tena. Nyongeza! Ile ile ya dukani, mizani ikishakubali unamtupia mteja sukari kidogo juu, aondoke na moyo mweupe. Uliikuta kwangu, na mimi niliikuta kwa baba yangu, na Wete nzima muuza duka asiyetia nyongeza alikuwa hana mteja wala heshima. Kwenye sukari ni adabu. Kwenye baruti ile inapasua bastola mkononi mwa mtu, mbele ya uso wake.

Sikusema pale pale. Mtu hamkaripii mkwewe mbele ya mgeni, na maboksi uliyasukuma chini ya kitanda hiki, nikajiambia mgeni akiondoka nitasema. Kabla hajaondoka homa ikanibeba, na sijui nimekuwa wapi hadi leo mchana. Basi wosia wangu wa kwanza kabla ya mengine ni huu: risasi zote za Jumapili zifunguliwe, moja moja, baruti imwagwe. Isipigwe hata moja. Kalpana, inama uyatoe maboksi niyaone.

Hayo tu? Angalia vizuri, mpaka ukutani.

Bwana Hamad, mbona unanitazama hivyo? Sema. Sema kwa sauti. Jotham kafanya nini? Ati kaja leo, nikiwa usingizini? Ukampa boksi moja, aende akajaribu baruti mpya klabuni? Leo ni siku gani? Alhamisi? Nje kumeshaingia giza, klabu inafunguliwa sasa hivi. Simu haifai, yao iko ofisini juu, na wao chini wameziba masikio, nani ataisikia? Kimbia. Acha koti! Acha kuniomba radhi, radhi unayo, sina muda wa kukupa mara mbili, kimbia umwambie asitie hata moja kwenye bastola. Piga mlango wa chuma kwa teke mpaka wafungue. Nenda!

Muache, Kalpana, usimshike. Mimi sitakwenda popote.

Hamad! Mwanangu! Mwanangu, polepole kwenye ngazi!

Amesikia? Alikuwa ameshafika chini? Niambie kweli. Hapana, usiniambie hivyo kunifurahisha, wewe tangu utoto huwezi kusema uongo, masikio yanakuwa mekundu. Sitaki awe hakusikia. Nimelishikilia neno lile miaka yote, halafu limuangukie mgongoni.

Mlango wa chini ameuacha wazi. Unasikia baridi inavyopanda ngazi? Usifunge. Iache ifike huku. Aaa. Nivute shali, lakini usifunge.

Kaa nami. Naogopa, Kalpana. Yule kijana wa watu ana mikono ya kugeuzia wagonjwa. Mama yake yuko Kakamega, anajua mwanawe yuko Ulaya, yu salama. Nami nimefungwa hapa na mwili huu kama gunia, siwezi hata kuteremka kitandani nikapige kelele. Chungulia kwenye hicho kioo chetu. Huoni kitu? Futa ukungu. Tazama tena.

Wapi hizo nyayo? Mlangoni kwetu? Za mmoja au za wawili? Sikiliza vizuri, mimi masikio yanakwenda.

Wawili.

Jotham. Njoo kwenye taa. Nyoosha mikono niione. Geuza. Geuza tena. Haya, kijana, kaa, pumua, usiniulize kitu, atakueleza mwenyewe. Na boksi? Limejaa? Hebu liweke hapa kwenye blanketi nilishike.

Hamad, sogea. Karibu zaidi, sauti imekwisha. Ulisikia nilichokuita kwenye ngazi? ... Hukusikia. Basi nakuita tena, na hawa wawili ni mashahidi. Mwanangu. Itika. ... Eeh. Hivyo.

Pradip mpigieni simu, aje azike... aje aage tu. Moto wangu atauwasha Hamad. Wazee wakikataa, Kalpana, waambie ndivyo alivyosema baba, na wakikataa tena, wasije. Huku ni kubonyeza kitufe, wameniambia, hata kuni hakuna. Sawa. Atabonyeza yeye.

Baruti safi mwagilieni mbali. Chukua ile ya chenga. Kohoa, lakini uone unachotia.

Mungu awape... awape nyumba yenye madirisha. Mpendane. Mtoto akija, mfundisheni Kiswahili, asije akakosa... cha kuniitia.

Na samli, Hamad. Kabla hawajafunga jeneza, watakupa kijiko cha samli unimwagie mwilini, ndiyo desturi yetu. Kijiko kimoja, watakwambia. Hapo, mwanangu... hapo mkono wako uachie. Ongeza.